Ngoma za Gishora, inanga ya mnong'ono na hedifoni ya dola 20

Katika tarafa ya Butihinda, kaskazini mashariki mwa Burundi, muziki mwingi husafiri kwenye waya mwembamba kutoka mfukoni hadi sikioni. Dereva wa lori anayesubiri nyaraka zake Kobero, mpakani na Tanzania, anao. Kijana wa baiskeli aliyekaa chini ya mti anao pia, ila mara nyingi huchomeka upande mmoja tu na kuuacha wa pili uning'inie, asije akampoteza mteja anayemwita. Kwingineko watu wamehamia zile punje mbili za bluetooth zinazolala kwenye kikasha. Huku waya haujaondoka, na nitathubutu kusema kwamba wanaoushikilia wanajua wanachofanya.

Kwanza ni umeme. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye umeme mchache zaidi duniani. Takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye aliyefikiwa. Simu yenyewe huchajiwa kwa sola au kwa kulipia dukani, sasa nani atatafuta tena chaji ya masikio? Pili ni redio. Simu nyingi za bei ya chini hutumia waya wa hedifoni kama antena ya FM: ukiuchomoa, stesheni imekwenda. Na kwa watu wa mpakani redio si kitu cha kupuuza. Upande wa pili, wilayani Ngara, Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, siku zile kambi za Ngara zilipojaa Warundi na Wanyarwanda. Ni redio iliyozaliwa ili mtu aliyekimbia kwao asikie habari kwa lugha anayoielewa. Msikilizaji wa namna hiyo haulizi mdundo. Anauliza kama jina lililotajwa amelisikia vizuri.

Hapo ndipo mazungumzo ya hedifoni yanapoanza kuwa na maana. Watu hubishana ipi bora kana kwamba masikio yote ni mamoja na nyimbo zote ni moja. Swali langu ni jingine: bora kwa kusikiliza nini, na kwa sikio la nani?

Tuanze na bidhaa. Sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hushuka bandarini Dar es Salaam, hupanda hadi Kabanga, upande wa Tanzania, na kuvuka Kobero, ambayo imo ndani ya Butihinda hii hii. Vifaa vya simu navyo hupita njia hiyo, vingi vikiwa vimenunuliwa Kariakoo. Juu ya meza za wauzaji utakuta aina mbili za hedifoni. Ipo ile ya kukaa mlangoni mwa sikio, plastiki tupu, isiyoziba chochote. Ipo na ile yenye kipira laini kinachoingia kwenye tundu na kuliziba. Hii ya pili ndiyo ninayoizungumzia, kwa sababu ndani ya miaka michache iliyopita imebadilika kuliko kifaa kingine chochote cha sauti cha bei nafuu.

Asili yake ni jukwaani. Zamani mwanamuziki alijisikia mwenyewe kwa spika zilizolazwa sakafuni mbele yake, zikipigana kelele na ngoma na magitaa mpaka kila mtu anaongeza sauti kumshinda mwenzake. Mwaka 1991 kampuni ya Kimarekani ya Etymotic ilitoa ER-4, hedifoni ndogo ya kuingia ndani kabisa ya tundu la sikio, kwa zaidi ya dola 300. Mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen hedifoni za kuziba sikio ili apate kusikia jukwaani bila kuumia, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Kwa miaka mingi vitu hivi vilibaki vya wanamuziki na wenye pesa.

Kisha wakaja Wachina. KZ walianza kuuza hedifoni zenye umbo lile lile la jukwaani kwa bei ya sahani chache za wali. Moondrop wa Chengdu walitoa Chu mwaka 2022 kwa takriban dola 20. Mwaka huo huo 7Hz wakatoa Salnotes Zero kwa bei hiyo hiyo. Tangzu nao wana Wan'er, Truthear wana Hola. Ndani ya nyingi za hizi kuna kiwambo kimoja cha milimita 10 au 11, sumaku, na waya, basi. Kilichobadilika ni upimaji. Vifaa vya kuiga sikio la mtu, ambavyo zamani vilikuwa vya maabara kubwa, sasa vimefika hadi kwa wachambuzi binafsi. Mchambuzi anapima, anachapisha mchoro, na kiwanda kinarekebisha toleo linalofuata. Mmoja wao wa Singapore, anayejulikana kwa jina la Crinacle, amefika mahali pa kushirikiana na viwanda vyenyewe. Zero ya kwanza ilisifiwa kwa usafi wake, lakini wengi wakalalamika kwamba besi ni haba. Mwaka 2023 ikaja Zero:2, iliyotengenezwa pamoja na huyo Crinacle, kwa dola 25 hivi, na besi imeongezwa.

Kisa cha Zero mbili kinanipendeza kwa sababu ile ya kwanza haikuwa mbovu. Watu wake walikuwapo, na wapo mpaka leo, wanaoiona ya pili kuwa imenenepa bila sababu.

Sasa tuzipeleke hedifoni hizi Burundi na tuzijaribu kwa sauti za hapa. Nchi hii ina sauti mbili zinazofaa kuwa mizani ya hedifoni yoyote, na ziko mbali kabisa.

Ya kwanza ni ngoma. Kilomita chache kutoka Gitega, kwenye kilima cha Gishora, kuna makao ya ngoma za kifalme zilizotunzwa tangu enzi za abami, yaani wafalme. Kila ngoma huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza mchezo wa ngoma hizi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Wapigaji hujipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati, inkiranya, ambayo ndiyo hutoa amri. Pembeni kuna amashakwe, zinazoshikilia pigo lile lile bila kuchoka, na ibishikizo, zinazoifuata inkiranya kila inapogeuka. Asiyezizoea husikia ngurumo moja. Mwenyeji husikia mazungumzo ya pande tatu.

Hedifoni iliyojaa besi ya uvivu, ile inayoongezwa ili mnunuzi ashtuke dukani, humgeuza mwenyeji awe mgeni. Pigo la inkiranya huvimba na kuchelewa kuisha, amashakwe humezwa, na kinachobaki ni vumbi la sauti. Chukua rekodi nzuri ya ngoma hizi, usikilize kama unaweza kuifuata amashakwe peke yake kwa dakika nzima bila kuipoteza. Ukiweza, hedifoni yako ina besi safi. Ukishindwa, ina besi nyingi tu. Katika za dola 20 nilizotaja, Zero na Chu hufanya kazi hiyo vizuri, ingawa ngoma zinakonda kidogo. Zero:2 na Wan'er huzipa mwili bila kuzivuruga sana. Baadhi ya KZ, hasa zile zilizotengenezwa kwa kuinua besi na sauti nyembamba huku zikiangusha za kati, hukupa raha ya dakika tano na kichwa kizito baada ya saa.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna hedifoni itakayolitoa, hata ya dola 2,000. Ngoma za Gishora hupigwa nje, na mtu husikia kwa kifua na kwa nyayo kama anavyosikia kwa masikio. Kifaa chenye kiwambo cha milimita 10 hakitikisi kifua cha mtu. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya vijana kutaka besi ya kupitiliza masikioni: wanajaribu kulipa deni la mwili kwa sikio. Siwacheki. Ila deni hilo halilipiki hivyo.

Sauti ya pili ni inanga ya mnong'ono, na hapa naomba msomaji anivumilie maana ndiyo mtihani mgumu kuliko wote. Inanga ni zeze la Burundi lenye umbo la bakuli refu la mti, na nyuzi zake ni uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku kati ya ncha mbili. Mpigaji hukaa, huupiga kwa sauti ya chini, na badala ya kuimba hunong'ona. Mnong'ono, kama tunavyojua sote, hauna noti. Ni pumzi tu iliyokatwakatwa kuwa maneno. Lakini msikilizaji huapa kwamba mpigaji anaimba, na wimbo una kupanda na kushuka.

Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales, aliyeichunguza inanga hii na kuandika juu yake mwaka 2002, alieleza kinachotokea. Noti zinatoka kwenye nyuzi, maneno yanatoka kwenye pumzi, na sikio letu huvishona viwili hivyo kuwa kitu kimoja: sauti ya mtu anayeimba, ambayo kwa hakika haipo. Sikio ndilo linaloutunga wimbo.

Fikiria sasa hedifoni inaufanyia nini mshono huo. Iliyozidi besi hufunika pumzi kwa nyuzi, nawe husikii maneno. Isiyo na besi, zile za plastiki za mlangoni mwa sikio, hubakiza pumzi peke yake, fyu fyu fyu kama redio iliyopoteza stesheni, na wimbo umekufa. Inanga inataka chini pawepo na juu pawe wazi, kwa wakati mmoja, kwa kipimo. Sijui kipimo kingine cha hedifoni kilicho kikali namna hii, wala siamini kama viwanda vya Shenzhen vimewahi kukisikia.

Tena rekodi zenyewe zipo. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa asili wa Burundi, na kampuni ya Ocora ikautoa kwenye santuri: inanga ya mnong'ono imo, ngoma zimo, salamu za kuimba za wanawake zimo. Ngoma za santuri hiyo ndizo zilizochukuliwa Ulaya na kuchanganywa na gitaa na kinanda zikawa "Burundi Black" mwaka 1971, na mwaka 1975 Joni Mitchell akatumia rekodi ya ngoma za Burundi katika "The Jungle Line". Dunia ikachukua besi, ikauacha mnong'ono. Naona hata wauza hedifoni wa leo wanafanya uamuzi ule ule.

Lakini je, si kweli kwamba watu wanapenda besi? Wengine ndiyo. Watafiti wa kampuni ya Harman wakiongozwa na Sean Olive waliwapa watu 130 milio ya hedifoni 31 waipime kwa kusikiliza, bila kuathiriwa na jina wala bei. Asilimia 64 walipenda mlio unaokaribiana na ule ambao watafiti hao walikuwa wameuchora kama shabaha yao. Asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo. Asilimia 21 walitaka besi pungufu ya hapo, na katika kundi hili wanawake na watu waliopita miaka 50 walikuwa wengi kuliko katika makundi mengine. Maana yake wapenda besi ya kupitiliza ni wachache kuliko wanaoikimbia. Ukitazama maboksi madukani, yote yameandikwa besi, besi, besi. Hakuna boksi lililoandikwa kwa ajili ya bibi anayetaka kusikia mawaidha.

Mimi mwenyewe nimo katika kundi la asilimia 21. Nasema ili msomaji ajue anasoma maoni ya nani.

Kuhusu bei, mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake sokoni. Hakuona uhusiano kati ya mlio na bei. Ya bei kubwa inaweza kuwa imara zaidi, nzuri zaidi machoni, yenye waya bora. Lakini mlio wake hauna hakika ya kuishinda ya bei ndogo. Hii ni habari njema kwa mtu wa Kobero. Habari mbaya ni kwamba jina kubwa juu ya hedifoni iliyotandazwa njiani mara nyingi ni la kubandikwa, na hapo mnunuzi hulipia herufi.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwenye mchoro wowote: tundu la sikio. Lako si langu. Tundu hili, lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, lina mvumo wake wa asili karibu na hezi 3,000, eneo ambalo konsonanti hupata ukali wake. Ukiliziba kwa kipira unaubadilisha mvumo huo, na kila sikio hubadilika kivyake. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kupeana hedifoni moja, huyu akasema inachoma, yule akasema imepoa, na wote wakawa wakweli.

Kwa sababu hiyo hiyo kipira ni nusu ya hedifoni. Kisipoziba vizuri, besi yote ya chini hutoroka, nawe utalaumu kiwanda. Hedifoni nyingi za aina hii huja na vipira vya saizi tatu kwenye boksi. Watu wengi hutumia vile vilivyokuja vimevalishwa na kuvitupa vingine. Jaribu vyote. Tena jaribu saizi tofauti kila upande, maana masikio ya mtu mmoja nayo hayalingani. Ukipitisha waya juu ya sikio na kuuzungusha nyuma kama wanavyofanya wanamuziki, hedifoni hutulia na haisukwi na mwendo. Ukisema kwa sauti ukajisikia kama uko ndani ya mtungi, umeziba sawasawa.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko muziki. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell, walionyesha kwamba sikio la mtu huisikia besi kwa shida sauti inapokuwa ndogo. Mwenye hedifoni inayovuja, amekaa kando ya malori yanayonguruma Kobero, hana budi kuongeza sauti mpaka besi itokee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Saa 5 huisha siku moja ya kusubiri foleni mpakani. Hedifoni inayoziba hukuwezesha kusikiliza kwa chini na besi usiikose.

Kasoro yake ndiyo hiyo hiyo: inaziba. Barabara itokayo Gitega kupitia Karusi hadi Muyinga, na ile ishukayo Muyinga kwenda Kobero, zina malori, pikipiki na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Mwendesha baiskeli aliyeziba masikio yote mawili hasikii honi. Yule kijana wa upande mmoja niliyemtaja mwanzoni ana akili, hata kama upande mmoja si namna ya kusikiliza muziki.

Basi nikiulizwa na mtu mwenye dola 20 anunue nini, nitamuuliza kwanza anasikiliza nini. Kama ni redio, mawaidha, Kurani, kaswida au simulizi, achukue Zero ya kwanza au Chu. Maneno yatamfikia bila jasho. Kama ni Bongo Fleva, wasanii wa Burundi kama Sat-B na Big Fizzo, au amapiano, Zero:2 au Wan'er zitamtosha. Anayetaka besi tu aende KZ, na asilale nazo masikioni. Mpenzi wa nyimbo za Mrundi Khadja Nin, ambaye albamu yake ya "Sambolera" ya mwaka 1996 bado inapigwa, asinunue chochote kinachoangusha sauti za kati, kwa sababu sauti ya mwimbaji hukaa hapo hapo. Na mwenye inanga kwenye simu yake aanze na Zero:2, kisha apunguze besi kidogo kwa ikwalaiza ya simu mpaka maneno na nyuzi vikutane. Simu ikiwa haina tundu la waya, adapta ndogo ya USB-C inatosha.

Kwa wauzaji wa Kobero na Muyinga nina ombi moja. Mtu haruhusiwi kujaribu hedifoni kabla ya kulipa, kwa hoja ya usafi, na hoja hiyo ni ya kweli. Wekeni jozi moja ya kujaribia, pakiti ya vipira vya akiba na chupa ya spiriti ya kuvisafisha. Kisha mruhusuni mteja apige wimbo wake mwenyewe kutoka kwenye simu yake mwenyewe, siyo ule wenu wa besi.